Gurudumu Nililoling'oa

Nyinyi vijana wa steji ya njia panda pale Manibe, mnaonipigia honi kila asubuhi: "Mzee Fundi, panda, miguu itaisha!" Leo nimekaa kuwajibu. Miguu yangu iko sawa. Nimenunua daftari la mistari na kalamu mbili, moja ya akiba, maana najijua. Nilisoma mpaka darasa la tano tu, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, mninyooshee polepole kama mtu anavyonyoosha rimu ya baisikeli.

Kazi yangu ilikuwa baisikeli. Nimezitengeneza zaidi ya miaka thelathini, kwanza mjini Arua, halafu hapo hapo kando ya barabara, kwenye kibanda ambacho sasa mnachajia simu zenu. Nilistaafu bila sherehe na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Sasa nasema, kwa sababu nimewasikia. Leku mwenzenu anapokuja kupaki pikipiki yake mwisho wa mstari, mnanong'ona: "Huyo boda gani? Alishindwa kumbeba mke wake mwenyewe mpaka akafa." Nimewasikia kwa masikio haya mawili. Candiru, mke wa Leku, alifia njiani kwa sababu ya gurudumu moja, na gurudumu hilo nililing'oa mimi. Leku hana kosa.

Lakini mniruhusu nianze mbali kidogo. Mtu hawezi kulielewa gurudumu kama hajui lilikuwa linabeba nini.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Yakobo, Mkongo aliyevuka mpaka zamani na mke wake, sufuria mbili na mfuko wa spana. Alikaa kwenye baraza la duka la vitambaa mjini. Baisikeli aliiita kinga, kama wanavyosema kwao, na kila kinga aliyoletewa aliizungumzia kama mgonjwa. Anaweka kiganja kwenye habu, kitovu cha gurudumu, analizungusha, anafumba macho. "Hii iko na homa. Gololi mbili zimepasuka." Unafungua, unakuta mbili. Hazipungui wala kuzidi. Mimi nilidhani ni uchawi, mpaka siku aliponishika mkono akauweka pale pale: "Weye, sikia na kidole. Sikio iko ya kusikia muziki."

Kiswahili hiki ninachowaandikia nilikipata kwake pamoja na kazi. Mpaka leo siwezi kutaja spana kwa Kilugbara bila kujisikia mgeni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kota pini. Nyinyi hamzijui. Ni vichuma viwili vidogo vinavyoshika miguu ya pedeli, kimoja kulia na kimoja kushoto, na lazima viingie kwa kupingana, kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini. Mimi siku hiyo nilikuwa naota. Siku zote nilikuwa naota. Nilitaka siku moja niunde baisikeli inayopanda kilima bila mtu kukanyaga. Nikavipiga vyote upande mmoja. Mwenye baisikeli alikuwa katekista, ana haraka ya ibada. Akapanda. Pedeli moja iko juu, ya pili imekaa katikati kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Akaondoka akichechemea juu ya tandiko, anapanda anashuka, kanzu inapepea, na watu wa soko wakampisha wakidhani Roho amemshukia.

Mzee Yakobo alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akaacha kucheka ghafla. "Sasa kimbia. Muite arudi. Kosa yako haiwezi kutembea na mutu mwingine wakati weye iko hapa kwa kivuli."

Nilimkimbilia mpaka kwenye mteremko wa mto, nikamrudisha, nikazitengeneza pini mbele ya watu wote waliokuwa wanacheka. Maneno yale niliyakumbuka kwa miaka mingi. Siku niliyoyahitaji hasa, ndiyo siku niliyoyaacha.

Nataka mjue watu walivyokuwa wanasafiri. Siku ya soko Koboko, watu wa Ayivu na wa kwetu Manibe waliondoka alfajiri kwa makundi, baisikeli kumi, kumi na tano, muhogo mkavu umefungwa kwenye keria mpaka mwendeshaji haonekani kwa nyuma. Hakuna aliyekwenda peke yake. Tairi ya mmoja ikipasuka, wote wanasimama. Mmoja ana pampu, mwingine ana kiraka, wa tatu hana kitu ila ana maneno ya kuchekesha, na huyo naye anahitajika. Mpaka mnafika Koboko mmeshajua nani anaoa, ng'ombe wa nani amepotea, mtoto wa nani anakohoa.

Na kulikuwa na adabu ya kilima. Ukibebwa kwenye keria, mkifika mwinuko unashuka mwenyewe, huambiwi. Unaruka, unatembea kando, unasukuma kidogo kwa mkono mmoja, mnaongea. Juu kabisa unapanda tena. Mtu aliyeendelea kukaa wakati mwenzake anakanyaga kilima, jina lake lilifika kijijini kabla yake. Wazee walikuwa na mtihani wao: kijana akimleta mchumba, wanamuuliza pembeni, "Kwenye kilima alishuka?" Shangazi yangu mmoja alikataliwa kwa ajili ya kilima tu. Mpaka anazeeka alikuwa anajitetea: "Nilikuwa na viatu vipya!"

Mgonjwa naye alibebwa na watu. Mwanzoni ilikuwa kitanda mabegani, watu wanne. Mimi, kwa ndoto zangu, nikaunda kigari. Nilichukua magurudumu mawili ya mbele, yale ya spoki thelathini na mbili, nikachomelea fremu ya nondo, nikasuka kamba katikati kama kitanda, nikaweka kindoano cha kushika keria ya baisikeli. Mzee Yakobo alikuja kwa miguu kutoka mjini kukikagua. Akalala juu yake, akavuka mikono kifuani. "Nisukume." Nikamsukuma mpaka kwenye shimo la barabarani na kurudi. Akainuka, akajipangusa vumbi. "Hii kinga ya wagonjwa iko muzuri. Sasa sikia. Magurudumu yake haina akiba na yenyewe haiko akiba ya kitu kingine. Ukikosa kila kitu kwa kibanda, hii hugusi."

Nikaapa.

Kigari kilikaa kwenye kibanda changu na kikawa cha wote. Mtu akiugua, baisikeli yoyote inakivuta, na kila boma njiani linatoa mtu mmoja wa kusukuma mpaka boma linalofuata. Huombi. Wanasikia sauti ya kigari, mtu anatoka jikoni akiwa na unga wa muhogo mikononi, anashika, yule wa mwanzo anarudi kwake. Kutoka huku ndani mpaka barabara kubwa unapokewa na mikono kama minane. Mgonjwa anasalimiwa na kila mmoja kwa jina. Wengine walipona njiani kwa kuona aibu, nawaambia kweli. Mzee mmoja alifika barabarani akakaa, akasema, "Nimeamkiwa mno, nirudisheni."

Halafu pikipiki zikaja. Sizilaumu. Lami ilipofika mpaka Koboko, safari ya siku nzima ikawa ya muda wa kunywa chai mbili. Mama aliyekuwa anasukuma muhogo kilomita hamsini leo anapiga simu tu, boda anaubeba, na yeye hashiki hata kamba. Nani aseme arudi kule? Mgongo wake utamjibu.

Ila mimi niliona mambo madogo kutoka kibandani. Kwanza watu waliacha kushuka kilimani. Halafu waliacha kusalimia, si kwa dharau, ni kwamba ukifungua mdomo upepo unaingia. Akina mama waliokuwa wanakaa upande wakaanza kukaa kama wanaume, watatu kwenye kiti kimoja, na mtoto juu ya tangi. Baisikeli zikaanza kuletwa kwangu za watoto tu, au za kubeba madumu ya maji. Baadaye wakaja watu wa vyuma chakavu na mizani yao, wakabeba fremu ambazo nilizijua tangu zikiwa na rangi. Nilizitambua moja moja kwenye lori, kama mtu anayeangalia mazishi ya wenzake.

Watu waliniambia, "Fundi, jifunze pikipiki." Nilijaribu! Kijana mmoja wa steji yenu ya zamani aliniletea ya kwake inakohoa. Nikaiwasha, nikaweka kidole kusikiliza kama nilivyofundishwa. Niliweka kwenye ekzosi. Alama ninayo mpaka leo. Yule kijana alinipa maji na akaenda kwa fundi mwingine, akacheka njia nzima.

Kigari nacho kikakaa. Mgonjwa sasa anawekwa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma, wanambana kama siagi katikati ya mkate, dakika kumi yuko mjini. Mzee Yakobo alikuwa ameshafariki. Mwanzoni kila Jumamosi nilikipampu kigari, nikazungusha magurudumu, nikatia grisi. Halafu Jumamosi moja moja. Halafu kuku wangu akataga juu ya kamba, mayai saba, nikasema, basi, nisimsumbue mama huyu. Mnaona mtu anavyoanza? Anaanza kwa huruma kwa kuku.

Ndipo akaja yule mtu wa maharage.

Alitoka upande wa Kongo, baisikeli imebeba magunia mawili, anakwenda soko la Arua. Gurudumu la mbele lilikuwa limeanguka kwenye shimo, rimu imekunjana kama chapati. Aliisukuma baisikeli kutoka mbali, shati limemgandia mgongoni. "Fundi, saidia mutu. Soko inafunga."

Rimu sikuwa nayo. Nilikuwa sijauza wala kununua rimu muda mrefu. Nikamwambia akaushe jasho kidogo, nikaingia ndani kutafuta, na macho yangu yakaenda kwenye kigari.

Niwaambie kweli yote. Sikufanya kwa tamaa. Nilifanya kwa furaha. Ilikuwa siku nyingi hakuna mtu mzima aliyekuja kwangu na baisikeli ya kazi, yenye mzigo, yenye haraka. Mikono yangu ilikuwa na njaa. Nikamhamisha kuku, nikafungua nati, nikaling'oa gurudumu la kulia. Likaingia kwenye foki ya baisikeli yake kama limezaliwa humo. Nikalizungusha, nikalinyoosha kwa chaki: unashika chaki karibu na rimu, pale inapogusa panabaki alama, unalegeza spoki upande wa alama nusu mzunguko, unakaza upande wa pili nusu mzunguko, pole pole, maana spoki moja ukiikaza kwa hasira, kesho tatu zinakatika. Nilikuwa napiga mluzi. Yule mtu akasema, "Jumamosi naleta."

"Ya nini haraka?" nikamjibu. "Hakuna mtu anayekitumia."

Jumamosi ilipita. Na nyingine.

Mvua ya wiki hiyo mnaikumbuka nyote. Ilinyesha siku tatu na siku ya nne asubuhi ikanyesha kama inaanza upya. Kijito cha huku ndani kilibeba magogo ya daraja. Udongo wetu mwekundu ukilowa hivyo hauna rafiki. Unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, hata ufungue mafuta yote.

Candiru alijifungua alfajiri hiyo nyumbani, mtoto wa kike, mzima, analia vizuri. Damu ya mama ndiyo haikusimama. Leku alimpandisha kwenye pikipiki pamoja na shangazi wa kumshika. Hawakufika hata kwenye mti wa posta, karibu tu na kwao, pikipiki ikalala. Aliijaribu mara tatu. Mara tatu, sikieni, na mwisho aliiacha kwenye tope funguo zikiwa ndani, na nyinyi mnajua Leku anavyoipenda pikipiki yake. Akaja kwangu kwa miguu, mbio, matope mpaka kifuani.

"Fundi! Kigari! Kigari kiko?"

Kilikuwepo. Kilikuwa kimeegemea upande mmoja kama ng'ombe aliyevunjika mguu.

Aliangalia. Akaniangalia. "Gurudumu iko wapi?"

Nikasema, "Kutu imelila. Ngoja, natafuta lingine."

Ndivyo nilivyosema. Kutu.

Nikatoa gurudumu la nyuma la baisikeli yangu mwenyewe. Lina spoki arobaini, ni zito, na ekseli yake ni nene, haikuingia kwenye tundu. Nikachukua tupa nikaanza kupanua. Leku anasimama mlangoni anasema, "Fundi. Fundi. Fundi," hana neno lingine. Muda ule ungetosha kupika enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, na kuula na kunawa. Likaingia, lakini liko juu kuliko lenzake, kigari kinapinda na kuvuta kushoto. Kwenye baisikeli hakivutiki. Tukakikokota mpaka nyumbani kwa Leku, ambako shangazi alikuwa amemrudisha Candiru, na kutoka hapo tukakisukuma kwa mikono, mimi na Leku, Candiru yuko juu na blanketi na shuka la plastiki, shangazi amebaki na mtoto.

Nilitegemea maboma. Nilijua sauti ya kigari itawatoa. Kwenye boma la kwanza milango imefungwa kwa mvua. La pili, kijana alitoa kichwa: "Si mpige simu boda?" Leku akamwambia, "Mimi ndiye boda." Yule kijana hakuelewa, akatucheka kidogo, akafunga. Si mbaya, hajawahi kuambiwa. Alizaliwa wakati sauti ile haina maana tena. Boma la nne alitoka bibi mmoja, hata kanga haijakaa sawa, akashika upande wangu bila neno akasukuma mpaka pumzi ikamwishia. Ni yeye tu.

Candiru alikuwa anaongea njiani. Aliongea sana mwanzoni, halafu kidogo kidogo. Tulipoiona lami, magari yanapita yakirusha maji, alikuwa ameshanyamaza. Leku alidhani amelala.

Kwenye mazishi watu walisema mvua. Ndugu za Candiru walikuja kutoka Koboko, na wao hawakusema mvua. Walisema mwanamume anayebeba wageni kutwa nzima alishindwa kumbeba dada yao. Wakamchukua mtoto. Walisema atakaa kwa bibi yake mpaka maneno yaishe, na maneno ya namna hiyo hayaishi kwa haraka. Leku hakubishana. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, kwenye mkeka, nimeshika kikombe.

Siku ya nane baada ya mazishi yule mtu wa maharage alirudi. Alikuwa ameliosha gurudumu, spoki zinang'aa, na amenifungia ndizi za shukrani. "Samahani Fundi, daraja ilikatika, nilikosa njia. Nimekucherewesha?"

Nikamwambia hapana, hujachelewa. Nililiweka gurudumu darini, nikafunga kibanda, na ndiyo siku niliyostaafu.

Mwaka ukapita, na zaidi. Mtoto alianza kutembea kule Koboko, Leku hajamwona isipokuwa kwenye picha ya simu. Ndipo jioni moja akaja kwangu, kofia ya pikipiki mkononi, amekaa kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Fundi, wameniita Jumapili. Wako tayari kuongea. Nataka twende wote. Wewe ulikuwepo. Uwaambie tu kigari kilikuwa na kutu, nilijaribu, haikuwa kosa langu. Wewe ni mtu mzima, watakuamini."

Fikirini hapo. Ananiomba nikamtetee kwa uongo wangu mwenyewe, na yeye anaamini ni kweli.

"Leku," nikasema, "hakukuwa na kutu."

"Nini?"

"Gurudumu nililing'oa mimi. Nilimpa mtu wa maharage. Lilikuwa zima."

Aligeuza kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimedondokea humo. "Rudia."

Nikarudia. Nikapanda darini nikalishusha, nikaliweka mbele yake. Alilizungusha kwa kidole. Lilizunguka muda mrefu bila kuyumba, maana nililinyoosha vizuri siku ile.

"Mwaka mzima," akasema, "wananiita muuaji kule kwao. Na ulikuwa unanisalimia kila asubuhi. 'Leku, umeamkaje.' Kila asubuhi, Fundi!"

"Ndiyo."

"Basi kesho utaenda Koboko peke yako, kabla ya Jumapili. Mimi nikikubeba nitakuangusha njiani. Na sitajua kama ni kwa bahati mbaya."

Aliyenibeba ni mmoja wenu, simtaji, atajijua. Mlinipa kofia iliyonibana masikio. Tukitoka pale akaniuliza kwa kupaza sauti, "Mzee, unaenda kununua nini Koboko?" Nikajibu, "Nakwenda kusema." Upepo ukabeba. Akasema, "Eh, vitenge viko bei nzuri!" na hatukuongea tena mpaka tulipofika. Kwenye kilima nilitaka kushuka. Sikujua nimwambie vipi.

Mama yake Candiru anauza dagaa na chumvi karibu na soko, nyumba yake iko nyuma. Ni mwanamke mfupi, sauti nzito. Nilimwamkia kwa kuinama, nikajitambulisha kuwa mimi ni fundi wa Manibe, mwenye kigari. Alinipa kiti na maji. Mtoto alikuwa pale, anasukuma sufuria tupu sakafuni kwa kelele kubwa. Ana paji la uso la Leku kabisa.

Nikasema yote. Gurudumu, maharage, kuku, kutu. Nilisema hata mluzi. Sikuficha kitu, na sikusema "samahani" mpaka mwisho, kwa sababu niliona ikitangulia itaonekana kama ngao.

Hakulia. Alikuwa anatoa mchanga kwenye dagaa kwa vidole, akaendelea kutoa.

"Kwa hiyo Leku alijaribu," akasema baadaye.

"Mara tatu kwa pikipiki, mama. Halafu kwa mikono mpaka lami."

"Wanangu walimtukana mbele ya kaburi."

"Nilikuwepo. Nilinyamaza."

"Ulinyamaza." Aliliweka sinia chini. "Jumapili Leku aje. Mtoto atamjua baba yake, nitawaambia wanangu mwenyewe. Wewe usije. Ukitoka hapa leo, baba, usirudi kwangu tena. Sikuchukii. Ila nikikuona nitaliona hilo gurudumu."

"Nimesikia, mama." Nikainuka.

"Bado. Kaa."

Nikakaa.

"Wote waliokuja wameniambia habari ya mvua," akasema. "Mvua, mvua, daraja, tope. Hakuna aliyeniambia habari ya mwanangu. Wewe ulimsukuma. Ulitembea kando yake. Alikuwa anaongea?"

"Aliongea, mama."

Akamwita mtoto, akamnyanyua akamkalisha mapajani, akamfuta pua kwa upindo wa kitenge.

"Haya. Anzia mlangoni kwake. Usiruke boma hata moja. Huyu hatakumbuka, lakini asikie."

Nikaanzia mlangoni. Nilimwambia tulimlaza kichwa upande wa mbele, kitambaa cha njano kichwani, na tulipoanza kusogea alikitazama kigari kilivyopinda, akaniambia, "Fundi, hiki chako kinatembea kama bata," akacheka, na Leku akamwambia asicheke, atapoteza nguvu, na yeye akamjibu, "Niache. Ni mimi ninayebebwa." Mama yake Candiru alifumba macho. "Ni yeye," akasema. "Endelea." Nikaendelea, tukafika boma la kwanza.